Makaa ya Mlango wa Stoo

“Sasa ndio unakuja kuniuliza?”

“Baba, si ni swali tu. Hii mbegu imebaki, tupande leo ama tungoje?”

“Uliza mlango.”

“Mlango hauongei.”

“Ulikuwa unaongea, Kipkirui. Ni wewe uliufunga mdomo.”

Kipkirui akageuka kuutazama. Mlango wa stoo ulikuwa mbele yao, bluu, unang'aa kama gari la harusi. Aliupaka rangi mwenyewe mwezi wa kwanza, siku mbili kabla ya koito, siku ya kumposa dada yake Sally, ili wakwe kutoka Merigi wasikute mlango umechafuliwa na makaa. Baba yake, Mzee Alexander, alipouona hakumgombeza. Utaanzaje kulilia mlango mbele ya wakwe?

Kumbe yale makaa yalikuwa mvua za miaka ishirini na mbili, mzee alizoziandika kwa mkono wake. Kila mwaka na mstari wake, kila mvua na nukta yake: ilianza lini, ilikatika lini, ilirudi lini ikakaa. Mzee hakuwahi kupanda bila kusimama pale kwanza.

Februari ikanyesha siku nne. “Ngoja,” mzee akasema, “hiyo ni ya kulaza vumbi.” Kipkirui angengoja nini? Aliacha shule Form Two, mpaka mashemeji wanamwita mzembe, na ile nusu ekari chini ya shamba la majani chai ndiyo kitu cha kwanza baba yake amewahi kumwachia. Alitaka mahindi yake yatangulie ya kijiji kizima. Akamwaga shambani makopo matatu ya gorogoro ya mbegu, mahindi meupe ya marehemu mama yake, ambayo huyapati kwa duka lolote la agrovet. Yakaota vizuri. Halafu jua likawaka, wiki tatu. Sasa ukiyashika yanavunjikia mkononi.

Gorogoro moja ndiyo imebaki.

“Basi niambie tu, Baba. Wewe unajua.”

“Sijui.” Sauti ya mzee ilishuka. “Kichwa inasahau. Ndio maana niliandika.”

Kipkirui akachomoa kisu, akaanza kukwaruza. Bluu ikatoka vipande vipande, na makaa yakatoka nayo. Chini yake mbao tupu. Akajaribu juu, akajaribu kwa bawaba, jasho linamtiririka.

“Wacha,” mzee akasema. “Unaumiza mbao bure.”

Matone yakaanza kugonga mabati. Ya kulaza vumbi, ama ya kukaa? Kwa jirani, Phelis alishaanza kuwapigia watoto kelele walete majembe. Kipkirui akainua ile gorogoro.

“Baba, inanyesha. Tupande?”

Mzee akaichukua polepole kutoka mikononi mwake. “Hii ya mwisho hatubahatishi nayo.” Akavua kofia, akafunika mbegu nayo isilowe, akageuka, akaenda zake nyumbani, mvua ikimpiga kichwani.