Betri ya Trekta

Kalista alipomtumia baba yake ujumbe aje na betri, alikuwa na maana ya betri ndogo, ya pikipiki au kitu kama hicho. Lakini Mzee Masunga, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, hakuwahi kufanya jambo dogo maishani. Alishuka Ilomba, mjini Mbeya, kwa binti yake, na betri ya trekta begani, ya trekta kuukuu iliyolima majaruba ya mpunga kule Ubaruku, na tindikali ilikuwa imetoboa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, baba. Betri yote hii ya nini?"

"Marahaba, mama. Si ulisema hii mashine inafikiri? Kitu inafikiri lazima inasikia njaa."

Mashine yenyewe ilikuwa mezani: kompyuta ya zile za mwanzo kabisa, aliyoachiwa Kalista na mwalimu wa Kimarekani aliyerudi kwao. Ilikuwa bamba la kijani lililojaa vidude vyeusi, na vitufe, na kidirisha cha tarakimu. Kalista hakujua kama Mbeya nzima kulikuwa na nyingine. Na huenda alikuwa ameshaiua. Kwa pupa yake alichomeka ukutani kisanduku cha kuipa umeme, akasahau kwamba umeme wa kwetu ni mara mbili ya ule wa Marekani. Kikatoa moshi, kikanyamaza. Yeye, mwalimu mzima wa hesabu, alilia kama mtoto.

Kilichomuuma zaidi ni baba. Kalista alipovunja ungo tu, watu walileta ng'ombe wa mahari. Mzee akawarudisha wote, binti akaenda shule. Tangu hapo ndugu hawakumwacha apumue. Masunga, ng'ombe wako wa mahari wako wapi? Leo alikuja kuona kwa macho yake shule ilizaa nini, na basi lake la kurudi lilikuwa la mchana.

Bamba lilitaka volti tano. Tano! Tochi ya mabetri manne inalizidi. Kila alipowaza hilo Kalista alipigwa na butwaa: kitu kinachoweza kulishinda darasa zima kwa hesabu kinaishi kwa nguvu isiyotosha kupiga honi ya basi. Yohane, mwalimu mwenzake wa fizikia, alileta betri ya pikipiki yake pamoja na dayodi mbili za kupunguza volti sita zifike tano. Wakaiunga hiyo kwanza.

Tarakimu nyekundu zikachungulia, zikafifia, zikazimika.

"Ni nzima!" Kalista alipiga kelele.

"Nzima, ila betri yangu imechoka," alisema Yohane. "Tuichaji, tujaribu kesho. Hiyo ya trekta nayo ni volti sita, kitabuni najua haina neno. Lakini mkono wangu unakataa. Heri nusu shari, Mwalimu."

Hata mkono wa Kalista ulikataa. Kuipoteza ikiwa imekufa ni jambo moja. Kuiua sasa, mbele ya baba, hapana.

"Mnaogopa nini?" aliuliza mzee.

"Nguvu yake, baba. Hii inawasha trekta."

"Ndama ukimpeleka Ruaha, anakunywa mto yote?"

"Hapana. Anakunywa kiasi cha tumbo lake."

"Haya."

Kalista akashika waya, zile dayodi zikiwa bado katikati. Akaunga.

Tarakimu zikawaka, angavu, zikatulia. Akabonyeza vitufe kwa muda mrefu, akiipa maagizo moja moja, kisha akaondoa mkono. Namba zikaanza kupanda: moja, mbili, tatu, zenyewe, bila kuguswa. Yohane alijishika kichwa. Mzee Masunga alivua kofia kama aliyeingia kanisani.

"Nani anahesabu?"

"Yenyewe, baba. Mimi nimeielekeza tu."

"Wewe ndiyo umeielekeza."

"Ndiyo, mimi."

Mzee aliinama mpaka wekundu ukamwangaza paji la uso. Alikaa hivyo, machozi yakimlengalenga, wala hakuyaficha.

"Nikirudi wataniuliza tena," alisema. "Nitawaambia ng'ombe zangu nimeziona. Ziko Ilomba kwa binti yangu, zinajihesabu zenyewe."