Karatasi Nyeupe Chini ya Lesi

Nilikuwa kitandani na mwanangu aliyezaliwa jana yake, shuka hadi kidevuni, wakati wakuu wa chama cha wachoraji wa mji wa Haarlem walipoingia sebuleni kwangu, mlimo na kitanda chetu, kupima kazi ya mdogo wangu, Aleid. Moyo ulinienda mbio kuliko wakati wa uchungu. Wakimkubali, atafungua karakana yake na kuweka jina lake kwenye picha zake. Wakimkataa, atarudi kwa Bwana Wessel, ambaye huuza kazi za wanafunzi wake kama zake mwenyewe.

Picha ilisimama karibu na dirisha. Ilikuwa sebule hiihii yangu: pazia la kijani la kitanda, zulia jekundu juu ya meza, vigae vya buluu kando ya meko, na mimi katikati na tumbo langu ndani ya koti la manjano, nimependeza kama kawaida yangu. Nyuma, mlango umeachwa wazi, na juu yake kimetundikwa kibao cha uzazi, hariri nyekundu iliyofunikwa lesi. Nyekundu tupu ni mvulana. Akizaliwa msichana, tunachomeka karatasi nyeupe kati ya hariri na lesi, na mtaa mzima unajua bila kubisha hodi.

Aleid alichora nyekundu tupu kabla sijajifungua, kwa sababu mume wangu Joost, mwoka mikate, hakumpa raha.

"Shemeji, weka dume hapo. Tumbo lile halidanganyi."

Tumbo lilidanganya. Na Joost, mwenye kiherehere cha dume, sasa alikuwa amevaa kofia ya manyoya ambayo kwetu huvaliwa na baba aliyepata mtoto, akiwamiminia wageni divai moto ya viungo huku akimsifia binti yake pua.

Mzee Lubbert, mmoja wa wale wakuu, aliinama mbele ya picha. Alikaa hapo hadi divai yake ikapoa.

"Nzuri," alisema. "Nzuri mno. Binti, Wessel amekusaidia wapi?"

"Hakuna mahali, mzee."

"Lesi hii hata mimi ingenitoa jasho."

"Mkono wa Wessel huo," mwenzake, Mzee Govert, akadakia. "Mimi naujua."

Aleid aliinamisha kichwa. Nilipandwa na hasira.

"Wessel hajakanyaga nyumba hii, wazee wangu. Labda aliingilia kwenye bomba la moshi."

"Mama mzazi, wewe pumzika," alisema Govert. Kisha akacheka peke yake. "Halafu picha yenyewe inasema uongo. Mlangoni kwenu nimeona karatasi. Humu naona mvulana."

Joost alivua kofia yake. "Hilo ni kosa langu, mzee. Mimi ndiye niliyemchochea."

Nikamwona Aleid akiinua kichwa. Namjua tangu anatambaa; macho yakimwaka vile, hazuiliki.

"Mzee Govert amesema kweli," alisema. "Picha ina kosa. Kaeni nilirekebishe."

"Sasa hivi?"

"Si mmeshafika? Shemeji, waongezee divai."

Alichukua kibao chake cha rangi. Karatasi nyeupe nyuma ya uzi mweupe: nani anajitakia balaa hiyo mbele ya watu? Kwanza akapaka karatasi, weupe wenye ubaridi kidogo. Akageuza brashi na kukwaruza ukingo kwa ncha ya mti, hariri nyekundu ikachungulia chini. Kisha kwa brashi nyembamba na weupe uliotiwa tone la manjano, akaanza kurudisha lesi, ua kwa ua, bila kupumzisha mkono. Mwanangu alilia na hakuna aliyegeuka, hata mimi, Mungu anisamehe.

Aliposogea pembeni, karatasi ilikuwa chini na lesi ilikuwa juu. Ungetaka kuichomoa kwa vidole.

Lubbert alivaa miwani, akaivua.

"Wessel angeweza hii?" alimuuliza mwenzake.

Govert alisogeza uso karibu na lesi. "Angeiharibu," alisema, na akamsogezea Aleid kiti. "Fundi, weka jina lako."

Aleid aliandika jina lake pembeni huku machozi yakimtiririka, na mimi nikalia kwa furaha hadi maziwa yakatoka. Joost alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama binti yake kwa muda.

"Machteld," alininong'oneza, "ungenizalia dume nililokuwa nadai, picha isingekuwa na kosa."

"Na Aleid angekuwa njiani kurudi kwa Wessel," nilimwambia. "Haya, mbebe mwanao."