Tangi la Watu Wawili

Boila ya Enid Teasdale, mtambo wa gesi uliopasha maji ya nyumba nzima, iligoma mwezi Novemba, baridi ya Durham, kaskazini mwa Uingereza, ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuuma. Fundi Colin Hesp alipiga magoti jikoni, akafungua kifuniko, akamulika ndani, kisha akafunga gesi.

"Hii siiwashi tena, Mama Teasdale. Imepasuka ndani. Moshi wake utawaua mkiwa usingizini."

Gillian, binti wa Enid aliyekuja kutoka Leeds kusaidia, alimtazama mama yake. Sebuleni, ambako kitanda kilikuwa kimeshushwa tangu kiangazi, Wilf, mume wa Enid, alikohoa. Alichimba makaa ya mawe tangu ujana mpaka mgodi ulipofungwa, na vumbi la huko ndilo sasa lililokuwa likimmaliza. Daktari alishawaambia kwamba huenda asiuone mwisho wa majira ya baridi.

Colin akaeleza. Wangeweza kufunga boila ndogo inayopasha maji pale pale bomba linapofunguliwa, isiyohitaji tangi. Ila mabomba mawili yakifunguliwa pamoja, maji yangetoka kidogo na ya uvuguvugu. Au wabaki na mtindo wa zamani, boila na tangi jipya kwenye kabati la mashuka ghorofani, maji yakae tayari muda wote.

"Chukua ndogo, Mama," Gillian alisema. "Halafu baadaye..."

"Baadaye nini?"

"Baadaye itakuwa rahisi kwako."

Colin alijikuna shingo. "Kwani humu mnatumia maji watu wangapi?"

Sauti ikatoka sebuleni, nyembamba lakini wazi. "Mmoja. Mpigie hesabu ya mtu mmoja, Colin."

Enid aliingia sebuleni, akaufunga mlango.

"Umeanza kujizika mwenyewe?"

"Nasema lililopo, kipenzi. Hiyo boila itaishi miaka. Mimi siendi nayo mbali."

"Hujaulizwa."

"Na nani kaulizwa? Mnanong'ona huko kama mnapanga kuiba." Akapumzika kuvuta pumzi. "Sitaki ubaki unapasha tangi zima kwa ajili ya kuosha kikombe kimoja."

Enid alikaa ukingoni mwa kitanda. "Ukioga maji ya moto sawasawa, unalala. Muuguzi akija anakuogesha bafuni huko juu, na saa hiyo hiyo mimi niko jikoni nafua mashuka yako. Maji yakipoa unashushwa ukitetemeka, nami nakutazama. Nimechoka kukutazama ukitetemeka, Wilf."

Mkono wa Wilf ukautafuta wa mkewe juu ya blanketi.

"Basi chukua hilo tangi," alisema mwishowe. "Ila Gillian asijue kwamba umenishinda."

"Ameshasikia. Kuta hizi ni karatasi tupu."

Nje ya mlango Gillian alikuwa akilia. Enid alimpita, akamshika bega kidogo, akaenda kumwambia Colin alete tangi.

Wilf aliogea maji yake mpaka mwishoni mwa Januari. Mara ya mwisho alikataa kutolewa mapema. Alisinzia majini, muuguzi akimshikilia kifuani na Enid akimwegemeza kichwa, na kwa muda mfupi pumzi yake haikukoroma. Februari akafa, mchana, mkewe akiwa kando yake.

Siku ya mazishi ndugu waliijaza nyumba, na wote wakaoga maji ya moto. Walipoondoka, Gillian alibaki kupanga mashuka kabatini, akaliona lile tangi jipya.

"Ni kubwa mno kwako sasa, Mama."

"Kubwa," Enid alikubali. "Baba yako alisema kweli. Nami nilijua anasema kweli siku ile ile."

Gillian alisubiri aendelee, lakini mama yake alikuwa ameshamkabidhi taulo.

"Nenda kaoge kabla ya safari," alimwambia. "Maji yapo."