Mzee Aliyefungua Mlango Mwenyewe

Kazini wananiita Tomaso, yule asiyeamini mpaka aone, ingawa mimi ni mwanamke, nami sikatai. Kazi yangu ni kuhakiki viongozi wastaafu. Kila mwaka naenda nyumbani kwa mhusika, namwona kwa macho yangu, anasaini fomu, nami naandika kwamba yu hai. Bila maandishi hayo hakuna nyumba ya serikali, gari, walinzi, mpishi wala daktari. Nimeshawahi kuletewa picha ya marehemu nikaambiwa ndiye huyo, anasalimia. Kwa hiyo mniwie radhi, simwamini mtu.

Mwaka huu nilipangiwa mzee aliyetutawala miaka mingi, ambaye dereva wake ni mdogo wangu, tumbo moja. Nilimwomba mkuu wangu amtume mwingine. Akacheka, akasema tutaona kama Tomaso ni Tomaso hata kwa nduguye. Maneno yale yaliniingia. Mdogo wangu ana mke na watoto watatu, na wote wanaishi nyumba za watumishi mle mle uani kwa mzee. Mzee akifa, kazi imekufa na nyumba imekwenda.

Ziara ya kwanza, mke wa mzee alisimama mlangoni akasema mzee amelala. Saa nne asubuhi, haya. Ya pili, anaoga. Nilingoja saa nzima sebuleni na sikusikia hata tone la maji. Magazeti ya wiki nzima yalikuwa mezani, bado yamefungwa kamba. Nje gari lilikuwa linang'aa, lakini nilipochungulia dashibodi, kilomita zilikuwa zilezile za ziara ya kwanza. Dalili ya mvua ni mawingu, jamani.

Nikamvuta mdogo wangu pembeni, nikamuuliza kama mzee yupo kweli. Akasema yupo, ila siku hizi hapendi gari. Alisema hivyo huku anatazama viatu vyake.

Ziara ya tatu niliketi nikasema siondoki. Baada ya minong'ono mingi akaletwa mzee mwembamba, kofia imemfunika hadi miwani, kucha zina udongo. Akaniamkia yeye kwanza. Akauliza mguu wa mama yetu umepona? Nikajisemea, huyu kafundishwa. Sahihi yake ilitetemeka, haikufanana na ya mwaka jana. Kisha, nilipoinuka, akatangulia, akazungusha kitasa, akanifungulia mlango mwenyewe.

Hapo nikamaliza hesabu. Enzi zake nilimwona kwenye mkutano, amesimama mbele ya mlango uliofungwa, anasubiri, na watu mia nyuma yake wanasubiri naye mpaka aliyetakiwa kuufungua akaja mbio. Mtu wa namna ile ajue kitasa kinazungukia wapi? Huyu ni mtunza bustani tu, nikasema, wamemvika kofia.

Mdogo wangu alinifuata hadi getini, jasho linamtoka.

"Dada, ni yeye. Kutwa yuko huko nyuma na jembe. Mkewe anamficha kwa aibu, hataki wageni wamwone na matope."

"Unatetea kibarua chako."

"Natetea, ndiyo. Lakini ni yeye."

Nilipanda gari la ofisi. Jioni ile ile niliandika kwamba mhusika hakuonekana, na aliyeletwa ni mtu mwingine. Kuandika kuliniuma, lakini, nisiwafiche, nilijisikia mkubwa pia. Ndani ya wiki mbili walinzi waliondolewa na watumishi wote wakafukuzwa kwa udanganyifu. Mdogo wangu alihama na magodoro juu ya mkokoteni.

Mwezi uliofuata nilipangiwa dirishani, kuhudumia wastaafu wa kawaida, walimu na wauguzi. Kwenye benchi, katikati yao, alikaa mzee mwenye kofia, anasogea nafasi moja moja kama wenzake. Alisogea hivyo saa tatu nzima, na hakuna aliyemtambua. Alipofika kwangu akasema, "Nimekuja kuonekana," akaweka kidole kwenye mashine ya alama za vidole, ile isiyotoka ofisini.

Picha ikatokea, na jina, na cheo chake cha zamani.

"Taarifa yako nimeisoma," alisema, wala hakukasirika. "Vitasa vinafundishika, binti yangu. Hawa waliofukuzwa ndio walionifundisha. Warudishe."

Kabla ya jioni yeye alirudishiwa kila kitu, walinzi, gari, daktari, pamoja na barua ya kuombwa radhi yenye mhuri. Watumishi hawakurudishwa. Ofisi ilileta watu wapya kwenye nafasi zao, nami niligonga kila mlango nikiwaombea. Jibu lilikuwa moja: sheria inamlinda mstaafu, haimtaji dereva. Mzee naye aliandika kuwaombea, akajibiwa kwa heshima nyingi kwamba watumishi huchaguliwa na ofisi.

Jumamosi nilikwenda kwenye chumba alichopanga mdogo wangu. Wifi yangu alinipa kiti, akatoka na watoto. Nilimweleza mdogo wangu yote, nikalia, nikamwomba anisamehe. Alisikiliza mpaka mwisho huku anakunja nguo za watoto kitandani.

"Angekuambia mtu baki, ungekwenda huko nyuma kutazama," alisema. "Ni hatua ishirini tu. Nilikuambia mimi, ukaona uongo, kwa sababu ni mimi."

Akaendelea kukunja nguo, nami nikabaki nimekaa pale na mkoba wangu mapajani.