Meza ya Mzee wa Mbao

Mwanamke mmoja aliacha kazi ya benki akawa anaishi kwa karata, lakini watu waliendelea kumwita Karani. Kaka yake alikuwa na meza ya poka, karata za kuwekeana pesa, kila Jumamosi mchana, chini kabisa ya jengo walilokaa wote. Kufika ni kushuka ngazi tu. Karani hakushuka. Alidamka, akapanda basi, akasafiri mwendo wa saa nne hadi mji wa viwanda vya mbao.

"Safari yote hiyo ya nini, dada?" kaka alimuuliza. "Hapa chai ipo, kiti kipo, na watu unawajua."

"Ndiyo shida yenyewe. Wanacheza vizuri. Tutakaa tunatunishiana misuli kama mafahali zizini, jioni kila mtu aondoke na chake."

Kaka akacheka kidogo. Hakumwita tena.

Kule mbali walicheza nyuma ya duka la misumari. Wanne walikuwa wachezaji wa kawaida. Wa tano, Mzee wa Mbao, ndiye aliyeifanya nauli ilipe. Hakujua kutupa karata mbovu na kujitoa.

"Acha nione ulichonacho," alikuwa akisema, huku anasukuma dau. "Nisipoona, sitalala."

Karani alimwonyesha, kisha akazoa pesa. Ikawa hivyo miaka miwili. Mzee alimuuliza habari za njiani, akamwekea kiti karibu na feni. Karani alijibu kwa neno moja moja, macho yakiwa kwenye vidole vya mzee.

Jumamosi moja alikuta duka limefungwa. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi.

"Mzee ametutoka juzi," alisema. "Tunazika saa kumi. Twende."

Wazo la kwanza la Karani lilikuwa kwamba bila mzee meza ile haina thamani ya nauli. Alijua si wazo la kuwaza siku kama hiyo, ila halikumchoma. Alikwenda msibani kwa sababu basi la kurudi lilikuwa la jioni.

Baada ya maziko, mjane alimshika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye Karani? Mwanangu, alikutaja sana. Alisema wenzake wanacheza naye kwa vile ni majirani. Wewe tu unatoka mbali. Mtu hasafiri saa nne kwa ajili ya karata."

"Ni kweli, mama," Karani alisema. "Nilikuwa nakuja kwa ajili yake."

Hakuwa amedanganya hata neno. Alingoja aibu ije, au machozi. Alijipapasa moyoni kama ulimi unavyopapasa fizi iliyopigwa ganzi. Akatoa dau lote alilokuja nalo, akalitia kwenye rambirambi. Hata hapo hakusikia wepesi wowote.

Aliporudi, mezani kwa kaka yake walikuwa bado wanacheka. Alipita mlango ule, akapanda juu, akavua viatu, akalala.

Jumatatu alimpigia simu dereva mmoja wa malori aliyewahi kumdokezea meza nyingine.

"Ni mbali, dada," dereva alimwonya. "Mwendo wa saa sita."

"Wanachezaje?"

"Hovyo."

Karani akauliza basi la huko linaondoka saa ngapi.