Sindano ya Wifi

Katika maabara ile hakuna aliyeruhusiwa kumchoma mtu sindano ya kusikiliza neva kabla hajachomwa yeye, akiwa macho, bila ganzi. Ukitikisa mguu umeshindwa, na utafiti wako anapewa mwingine. Siku ile ilikuwa zamu ya mwanafunzi mmoja, na mkosi wake ulikuwa huu: mchomaji alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye tangu siku ya harusi hakuwahi kumtazama bila kukunja uso.

"Tulia, wifi. Au unataka kukimbia?"

"Choma."

Sindano nyembamba kama unywele iliingia chini ya goti, upande wa nje, ikaanza kupekua. Wifi alipekua kwa raha zake, hakuwa na haraka hata kidogo. Mwishowe spika iliyounganishwa na sindano ikavuma: shwaa, shwaa, sambamba na mapigo ya moyo. Neva imepatikana.

Ilibaki kujua ni neva ipi. Ya ngozi hushtuka pamoja na mwenyewe. Ya msuli haishtuki ng'o. Kwa hiyo mchomaji hupiga makofi ghafla nyuma ya kichwa chako, akasikiliza spika, basi. Wifi hakupiga makofi.

"Kaka ameoa mke mwingine. Jumamosi. Mimi ndiye niliyesimamia."

Mguu haukutikisika. Spika iliendelea vilevile, shwaa, shwaa.

"Unaona? Hata neva yako haina habari naye. Nilimwambia kaka, huyu ana roho ya jiwe."

Mnafiki mkubwa! Alijua fika kwamba hiyo ni ya msuli, na ya msuli haijibu habari za ndoa. Mwanafunzi naye alijua. Jumamosi mumewe alimuaga kwamba anakwenda kazini, na shati alilovaa alilipiga pasi yeye mwanafunzi. Alitaka kulia. Akilia, mguu utatikisika. Akabana pumzi.

Na mtu akibana pumzi, neva ya msuli hupandwa na wazimu. Spika ikanguruma, chumba kizima kikajaa kelele za mguu wake.

"Kumbe unaumia," wifi akasema, akitabasamu.

Kujibu ni kupumua. Alibana mpaka macho yakamtoka, mpaka tabasamu la wifi likaisha. Hapo akaachia, na kelele ikafa.

"Andika nimefaulu," alisema, machozi yakimtiririka. "Kaka yako mwambie asirudi. Na wewe kesho uje mapema. Mguu wa kwanza nitakaouchoma ni wako."