Mkono wa Birika

Mpiga tromboni alikuwa na noti moja tu iliyomkosesha amani. Ni noti ya chini, mwishoni kabisa mwa wimbo, ambayo yeye na mwenzake huipiga pamoja. Hutaka bomba la tromboni lisukumwe mbali, mkono unyooke wote. Na bega lake la kulia lilikuwa limegoma.

Asubuhi ile mkewe alimkanda kwa mafuta ya moto, kisha akainama akamfunga kamba za viatu bila kuombwa.

"Baba watoto, si umwambie kiongozi wenu?"

"Aninyang'anye kiti? Miaka thelathini na moja, halafu nikae nyumbani nihesabu kuku?"

"Kuku gani? Hatuna kuku."

Mazoezini aliketi ubavuni mwa mwenzake huyo, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha. Alikuja kwake ana miaka tisa, tromboni ikimzidi kimo, na noti ile hakuifikia. Wenzake darasani wakamwita Birika, kwa mkono wake mfupi. Akalia. Mpiga tromboni, mwalimu wake, akamwambia, "Usikimbie. Wewe vuta pumzi tu, hiyo nitaipiga mimi. Mkono utakuja wenyewe." Akampigia miaka mitatu, hata kwenye sherehe za shule, yeye akiwa nyuma ya pazia. Mkono ukaja. Jina likabaki, ila sasa mwenyewe analipenda.

Wimbo ukafika mwisho. Mwalimu akasukuma, bega likamchoma, bomba likakomea njiani. Ikatoka sauti kama ya ng'ombe aliyekanyagwa mguu.

Kiongozi wa okestra akashusha kijiti chake. "Nani huyo?"

"Mimi. Samahani," akasema Birika, kabla mtu hajapumua.

"Wewe? Umelala wapi leo?" Watu wakacheka. "Ukirudia, kiti hicho nampa mwingine."

Masikio ya binti yalishika moto, lakini hakumtazama mwalimu wake hata kwa jicho la pembeni.

Mwalimu akaangalia viatu vyake, mkewe alivyovifunga mafundo mawili mawili. Angeweza kunyamaza. Akasimama.

"Kiongozi, mwache mtoto wa watu. Aliyeharibu ni mimi. Bega limekufa. Siku hizi mwenye mkono wa birika ni mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kiongozi akakigeuzageuza kijiti.

"Noti nyingine zote unazifikia?"

"Zote."

"Basi hiyo moja mtajuana wenyewe. Mimi nataka kuisikia tu. Haya, tangu mwanzo."

Birika akamwinamia. "Mwalimu, usikimbie. Wewe vuta pumzi tu."

"Piga muziki, acha maneno."

Walipofika mwisho, mwalimu alivuta pumzi, akailaza tromboni magotini. Noti ikatoka ubavuni pake, nene, imenyooka, ya kutosha watu wawili. Akaisikiliza mpaka ikaisha. Kumbe ilikuwa nzuri hivi. Miaka yote hiyo alikuwa akiipiga tu.